Mwamba Mmoja, Mashua Ishirini

 Leo tutafanya hesabu. Msiogope, tarakimu ni chache na hazihitaji karatasi.

Tuseme kuna mwamba mmoja mbele ya kijiji, na mashua ishirini zinazoutegemea. Jina la kijiji silitaji. Kuanzia Jasini na Moa huko karibu na mpaka wa Kenya, ukashuka Kwale, Sahare, Mwarongo, Kigombe, mpaka Kipumbwi, kila msikilizaji ana mwamba wake kichwani, basi autumie huo. Mashua zote zinavua kwa mishipi na madema, na maisha yanakwenda. Siku moja nahodha mmoja anapiga baruti. Siku hiyo anapata kilo 100 juu ya zile ambazo angepata kwa mshipi. Lakini mlipuko umepasua matumbawe, umeua makinda, na samaki wengi waliokufa wamezama bila kuokotwa. Mwamba huo utatoa samaki pungufu katika siku zijazo. Tuseme upungufu wote ni kilo 200. Tarakimu hizi nimezibuni mimi ili zigawanyike vizuri. Bahari yenyewe haigawanyiki kirahisi hivyo.

Sasa hizo kilo 200 za hasara nani anazilipa? Mwamba ni wa wote, kwa hiyo zinagawanywa kwa ishirini: kilo 10 kwa kila mashua. Aliyepiga amepata 100, akatoa 10 ya fungu lake la hasara, akabaki na 90 mkononi. Wenzake kumi na tisa kila mmoja amepoteza 10 na hakupata kitu. Jiweke mahali pa mmoja wao. Jana ulikuwa na msimamo, leo unaona wenzako watano wanapiga. Hasara yao imeshakufika, kilo 50, upige usipige. Ukipiga na wewe unaongeza 90. Wakipiga kumi, bado ukipiga unaongeza 90. Asipopiga hata mmoja, ukipiga unaongeza 90. Popote utakaposimama katika hesabu hii, baruti inakupa kilo 90 zaidi kuliko mshipi. Basi wote ishirini wanapiga. Kila mmoja ana kilo 100 za faida na kilo 200 za hasara, yaani kumi kumi kutoka kwa kila mlipuko. Kila mmoja amefuata faida ya 90, na kila mmoja ameishia na upungufu wa 100.

Hakuna mjinga katika hadithi hiyo, wala hakuna mtu mbaya kupita wengine. Hapo ndipo hesabu hii inapochoma. Scott Gordon, mchumi wa Kanada, aliandika mwaka 1954 kuhusu wavuvi na bahari isiyo na mwenyewe, na mwaka 1968 Garrett Hardin wa Marekani akaandika makala iliyopata sifa zaidi, yeye akitumia mfano wa malisho ya pamoja. Hardin alihitimisha kwamba njia ni mbili: serikali ishike kila kitu, au kila kipande kigawiwe mwenyewe. Nitarudi kwake, kwa sababu Tanga imemjibu kwa namna yake.

Najua kuna msikilizaji kule Pongwe anauliza: tuliambiwa mazungumzo ya leo yanahusu mageuko ya viumbe, mbona tunahesabu samaki waliouawa na baruti? Swali zuri. Wataalamu wa elimu ya viumbe waliichukua hesabu hii hii wakabadilisha kitu kimoja tu, nacho ni malipo. Kwa mvuvi malipo ni kilo. Kwa kiumbe malipo ni watoto wanaofika umri wa kuzaa. Kiumbe anayejitolea kwa ajili ya wenzake analipa gharama, anayekwepa halipi, na wote wanakula matunda yale yale. Mkwepaji anazaa zaidi, na watoto wake wanarithi ukwepaji. Kanuni yenyewe ni fupi: tabia inayolipa kuliko wastani inaongezeka, inayolipa chini ya wastani inapungua. Wastani wenyewe unaweza kuwa unaporomoka mwaka hadi mwaka, kanuni haijali. Katika kijiji chetu cha mfano wapiga baruti wako juu ya wastani siku zote, hata siku ambayo wastani umefika chini ya sifuri.

Na kijijini hakuna haja ya kungoja watoto wazaliwe. Kijana anamwona jirani amenunua pikipiki kwa msimu mmoja wa kaskazi, anamwiga. Kuiga kunakwenda mbio kuliko kuzaa, lakini hesabu ni moja.

Kwa hiyo mtu aliyeshika kalamu peke yake chumbani angesema ushirikiano hauwezekani duniani. Kisha angepiga mbizi kwenye mwamba wowote mzima wa pwani yetu, akauona kwa macho yake.

Kuna samaki mdogo, mrefu kama kidole, mwenye mstari mweusi ubavuni na mwili wa buluu kuelekea mkiani. Wanasayansi humwita Labroides dimidiatus. Mimi nitamwita msafishaji. Anakaa mahali pake pamoja kwenye mwamba, na samaki wengine wanamfuata hapo: pono, changu, hata chewa mwenye mdomo wa kumeza wasafishaji kumi. Chewa anafungua mdomo, msafishaji anaingia, anamchambua wadudu wanaonyonya damu, anatoka salama. Lexa Grutter, mtafiti wa Australia, alihesabu kwamba msafishaji mmoja anahudumia wateja zaidi ya 2,000 kwa siku na kula wadudu wapatao 1,200.

Mpaka hapo ni hadithi ya kuwapendeza watoto. Utamu wake uko katika udanganyifu. Chakula anachokipenda hasa msafishaji ni ule ute unaofunika ngozi ya mteja, wadudu anawala kwa kuwa ndiyo kazi. Kila mteja anayekuja ni kishawishi cha kumuuma kidogo. Redouan Bshary, mtafiti wa Uswisi aliyekaa miaka mingi akiwatazama samaki hawa kwenye Bahari ya Shamu upande wa Misri, aligundua kinachowazuia. Mteja mwenye eneo kubwa la kuogelea, anayeweza kufika kwa wasafishaji wawili watatu, akiumwa anaondoka na safari nyingine anakwenda kwa mwingine. Mteja asiye na pengine pa kwenda humfukuza msafishaji huku na huko, na baada ya kukimbizwa msafishaji anakuwa na adabu. Mteja mla nyama ni nadra kudanganywa, sababu yake haihitaji mtafiti. Na lililo kubwa: wapo samaki wanaosubiri zamu wakitazama. Mwaka 2006 Bshary na Grutter walionyesha kwamba mtazamaji humwendea zaidi msafishaji aliyemwona akimhudumia mwenzake vizuri, na kwamba msafishaji mwenyewe anauma zaidi pale ambapo hatazamwi.

Samaki huyo hana msikiti wala kanisa, hana semina ya siku mbili yenye posho. Analo jicho la mteja, mlango wa kutokea, na kukutana tena kesho.

Kukutana tena kesho ndiyo tarakimu iliyowashughulisha wataalamu wa hesabu kwa miaka mingi. Robert Axelrod, mtaalamu wa siasa wa Chuo Kikuu cha Michigan, aliandaa mashindano ya programu za kompyuta karibu na mwaka 1980. Kila programu ilikutana na nyingine mara nyingi, na kila mara ilichagua kushirikiana au kusaliti. Mashindano ya kwanza yalipata programu 14, ya pili 62 kutoka nchi 6. Yote mawili mshindi wake alikuwa programu fupi kuliko zote, iliyoletwa na Anatol Rapoport wa Toronto: anza kwa kushirikiana, kisha mtendee mwenzako alivyokutendea mara iliyopita. Nipe nikupe, basi. Axelrod akaungana na mtaalamu wa viumbe, William Hamilton, wakaandika mwaka 1981 jinsi tabia hiyo inavyoweza kuota na kudumu hata kwa viumbe wasio na akili ya kupanga.

Sharti lake linaweza kusemwa kwa sentensi moja. Ikiwa kukusaidia kunanigharimu 1 na wewe unapata 3, tutashirikiana endapo uwezekano wa kukutana tena unazidi theluthi moja, yaani gharama gawanya kwa faida. Akina mama wanaocheza upatu wanaijua kanuni hii bila kuiandika. Kijumbe hampi mgeni zamu ya kwanza. Anamweka mwishoni, mpaka awe ameshachangia kiasi ambacho kukimbia hakumfaidishi. Na mchezo unaojulikana utaisha lini una hatari kwenye raundi ya mwisho, ndiyo maana upatu uliokomaa hauishi: unapomalizika unaanza mwingine na watu wale wale.

Turudi sasa kwenye mashua ishirini, maana hapa ningependa kubomoa jambo linalosemwa sana pwani yetu. Husemwa kwamba wapiga baruti ni wageni, watu wa dago waliokuja kwa msimu wakaondoka, wasio na uchungu na mwamba wa wenyewe. Wa Pemba na Kojani wamelisikia hilo mara nyingi wakipiga kambi huku. Tazama hesabu. Mgeni anapata kilo 100 na halipi fungu la hasara. Mwenyeji anapata 90. Tofauti ya ugeni na uenyeji, kwa upande wa samaki peke yake, ni kilo 10 kati ya 100. Uchungu wa mwamba una uzito huo tu! Kama mwenyeji hapigi baruti, basi kinachomzuia hakitoki baharini. Kinatoka nchi kavu: atamwazima nani mashine ikiharibika, nani atasimama kwenye harusi ya bintiye, nani atachimba kaburi.

Na nchi kavu ndiko kunakowezekana kulipiza kwa usahihi. Nipe nikupe ni dawa nzuri kwa watu wawili. Kwa watu ishirini kwenye mwamba mmoja haifai kitu, kwa kuwa ukimlipiza aliyepiga baruti kwa kupiga na wewe, umewaumiza kumi na wanane wasio na kosa. Adhabu inatakiwa imfike mwenyewe peke yake, na baharini hakuna adhabu ya namna hiyo.

Elinor Ostrom aliliona hili mapema. Huyu ndiye mwanamke wa kwanza kupata Nobeli ya uchumi, mwaka 2009, na kitabu chake kikuu kilitoka 1990. Alitembelea na kukusanya habari za wavuvi, wakulima wa mifereji na wenye misitu ya pamoja katika nchi nyingi, akamwonyesha Hardin kwamba watu wamegawana bahari na malisho kwa karne nyingi bila serikali kushika kila kitu na bila kuuziana vipande. Wavuvi wa Alanya, Uturuki, walipiga kura ya nani avue wapi na wakazungushana maeneo siku hadi siku. Palipofanikiwa, alikuta mipaka inayojulikana, walinzi wanaotoka miongoni mwa watumiaji wenyewe, na adhabu zinazoanza ndogo na kupanda.

Tanga walijaribu kitu cha namna hiyo kabla Ostrom hajapewa tuzo. Baruti ilikuwa imeanza kusikika pwani ya Tanzania tangu miaka ya 1960, na sheria ya uvuvi ya 1970 haikuinyamazisha. Mwaka 1994 ukaanza mpango wa hifadhi na maendeleo ya ukanda wa pwani wa Tanga, kwa fedha za serikali ya Ireland na ushauri wa shirika la uhifadhi la IUCN. Ulianza na vijiji vichache, Kigombe na Kipumbwi vikiwamo. Wanavijiji walikaa wakachora ramani za miamba yao, wakakubaliana ipi ifungwe na ipi ivuliwe, na kwa zana gani. Yakapatikana maeneo sita ya usimamizi wa pamoja, vijiji kadhaa kila eneo. Doria ilifanywa na wanakijiji pamoja na askari, wanamaji wakiwamo. Mwishoni mwa miaka ya 1990 milipuko ilipungua sana, na kwenye miamba iliyofungwa samaki walianza kurudi, hata baada ya joto la bahari la mwaka 1998 kuyapausha matumbawe ya Afrika Mashariki.

Kisha doria ilipolegea, miaka ya mwanzo ya 2000, baruti ikarudi. Mpango wenyewe ulifungwa 2007. Mwaka 2015 watafiti walipita na mashua pwani yote ya Tanzania bara, kutoka mpaka wa Kenya hadi wa Msumbiji, wakiwa na chombo cha kusikiliza chini ya maji. Katika muda wa mwezi mmoja walinasa milipuko 318, mingi zaidi karibu na Dar es Salaam. Ilichukua idara kadhaa za dola kuungana, kuanzia katikati ya miaka ya 2010, na kumfuatilia anayeuza vilipuzi pamoja na anayevirusha, ndipo mlio ukawa nadra.

Wengi husimulia kipindi kile cha kurudi kwa baruti kwa kusema watu walikosa umoja. Mimi sikubali. Angalieni kikosi cha wapiga baruti kilivyo. Yuko anayeleta kilipuzi, yuko nahodha, yuko mrushaji ambaye anaweza kupoteza mkono, wako wazamiaji, yuko kijana wa simu ufukweni anayetazama doria, yuko mnunuzi anayepokea mzigo usiku. Wanategemeana kwa roho zao. Wanajuana, wanakutana tena kesho, msaliti wao anajulikana na anaadhibiwa. Masharti yote ya ushirikiano yametimia, pengine kuliko kwenye kamati ya mazingira ya kijiji. Hesabu ya ushirikiano haina upande; inawashika wanaoubomoa mwamba sawasawa na wanaoulinda.

Na juu ya hayo kuna damu. Hapa ndipo Hamilton anaporudi, na huyu anastahili dakika zake. Alizaliwa Cairo mwaka 1936, akakulia Uingereza. Mwaka 1964, akiwa kijana asiyejulikana, alichapisha kanuni ambayo leo hufundishwa kila chuo: kiumbe atajitolea kwa ndugu yake ikiwa faida kwa ndugu, ikizidishwa kwa kiwango cha undugu, inazidi gharama. Ndugu wa baba na mama mmoja ni nusu. Mpwa ni robo. Mtoto wa mjomba au wa ami ni moja ya nane. Inasimuliwa kwamba kabla yake J.B.S. Haldane, Mwingereza mwenye maneno makali, aliulizwa kama angetoa uhai wake kumwokoa ndugu yake, akajibu kwamba kwa mmoja hapana, kwa ndugu wawili au mabinamu wanane angefikiria. Hamilton mwenyewe mwisho wake ulikuwa upande wetu: alikwenda Kongo, pande za Kisangani, akifuatilia chanzo cha virusi vya UKIMWI, akaugua malaria, na akafariki London Machi 2000.

Ipeleke kanuni hiyo kwenye kijiji cha pwani. Umemwona mpwa wako usiku ameshika chupa ya baruti. Kwa Wadigo mjomba na mpwa si uhusiano wa kupita njiani, na hata kwa wasio Wadigo robo ya damu ni kitu. Ukimripoti, anafungwa miaka. Usiporipoti, mwamba unapoteza kilo 200, na kwako wewe hiyo ni kilo 10. Nani atamlaumu mjomba aliyefunga dirisha? Ukimya wa vijiji vyetu, ambao maofisa wa uvuvi waliulalamikia kwa miaka, ulikuwa na hoja ndani yake. Mabango yenye picha ya samaki anayelia hayakuigusa hoja hiyo.

Hayo ni ndani ya kijiji kimoja; kati ya kijiji na kijiji hesabu ni nyingine. George Price, Mmarekani aliyehamia London, alitoa mlinganyo mwaka 1970 unaowezesha kutenganisha mambo mawili: ndani ya kundi mkwepaji anamshinda mshiriki, lakini kundi lenye washiriki wengi linalishinda kundi la wakwepaji. Matokeo yanategemea mvutano upi una nguvu zaidi. Kwa hiyo kijiji kinachotunza mwamba kinapaswa kumpita jirani yake anayeuvunja, na vijana wa jirani wakiige. Tatizo ni kwamba maji hayana ukuta, na faida inavuja.

Wachokoaji pweza wanalijua hili vizuri zaidi. Kufunga mwamba kwa miezi michache ili pweza wakue kulipata sifa huko Andavadoaka, kusini magharibi mwa Madagaska, tangu mwaka 2004, na sasa kunafanywa Pemba na sehemu nyingine za mwambao wetu. Kibiolojia ni jambo rahisi ajabu. Pweza anaishi mwaka mmoja na kitu, anakua haraka, na jike anataga mara moja tu akafa akilinda mayai. Miezi mitatu ya kumwacha inaongeza uzito wake mara kadhaa. Kina mama wanaovumilia miezi hiyo ndio wanaolipa gharama, kwa kuwa wao ndio waliokuwa wakitembea mwambani kila bamvua. Siku ya kufungua, mwamba unajaa watu, na nusu ya nyuso ni za mbali. Kumfukuza mgeni siku hiyo ni ugomvi, kumwacha ni kumlipa mkwepaji. Nimesikia hoja za pande zote mbili, na kwangu mimi wenye haki ni walioshinda njaa: wageni waingie siku ya tatu.

Nilisema adhabu ya haki iko nchi kavu. Tuipime. Mpiga baruti wetu ana kilo 90 za kumvutia. Tuseme kila mmoja wa majirani zake kumi na tisa anamnyima kitu kidogo chenye thamani ya kilo 5: hamwazimi mashine, hamsaidii kupandisha chombo, hamkopeshi. Kumi na tisa kwa tano ni 95. Imezidi 90, kwa hiyo baruti haimlipi tena, na hakuna aliyeita polisi. Lakini jirani mmoja akisema aa, wenzangu wanatosha, zinabaki 90 kwa 90. Akiwa na ndugu wawili kijijini wasioweza kumnyima damu yao, zinabaki 85, na baruti inalipa kwa kilo 5. Hesabu ya Hamilton imeingia kwenye hesabu ya kijiji na kuivunja kwa watu wawili tu. Hapo ndipo mipango mingi ya ulinzi shirikishi inapokwama: inahitaji karibu kila mtu.

Ila kuna mtu hatujamweka kwenye jedwali, naye ni anayenunua. Samaki wa baruti anajulikana. Ukimpasua unakuta damu imevilia ndani, mifupa ya mgongo imeachana, nyama imelegea. Wakaanga samaki wanamtambua kwa kidole kabla ya kisu. Wakimkataa wote, kilo 100 zinakuwa sifuri na mpigaji anabaki na fungu lake la hasara, kilo 10 chini. Hawatakataa wote, najua. Samaki wa bei nafuu ana wateja, na mkaanga samaki naye ana watoto. Lakini tuseme wanakataa wa kutosha kiasi kwamba mzigo unauzwa kwa nusu bei. Thamani ya zile 100 inakuwa 50, toa 10, inabaki 40. Majirani wanaohitajika sasa kwa ile adhabu ndogo ya kilo 5 si kumi na tisa tena. Ni tisa. Ndugu zake wawili wanaweza kuendelea kunyamaza, na wanane wengine wakaendelea kulala, na bado asubuhi nahodha akipiga hesabu yake atachukua mshipi.